Hukufuta Wewe

Mikumi, dukani
Alhamisi, saa nane mchana

Debora mwanangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana kesho asubuhi ukishamaliza kusoma karatasi hizi sijui kama shikamoo itakutoka.

Nakuandikia kwa mkono. Cheka tu. Mimi niliyechapa barua za nusu ya Mikumi, za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, hata za kumwomba mke arudi, leo nimekaa na kalamu ya wino kwa sababu mashine imeshikwa. Napiga windo, yaani naifuta kompyuta na kuiwekea programu zake upya. Ndiyo, mimi mwenyewe, bila fundi, duka nimefunga mlango mmoja. Kioo kinasema zimebaki dakika thelathini na tisa kumaliza, na kimesema hivyo hivyo tangu nilipokaa. Nadhani dakika za kompyuta hii zinahesabiwa na watu wa reli.

Wewe umekwenda Malolo kumuaga bibi yako, utarudi na gari la jioni. Kesho mchana tunashuka wote Kilosa ukapande treni ya Tabora. Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Baba yako amekuhubiria hayo tangu Jumapili, na huko aliko na lori lake atapiga simu ahubiri tena. Mimi nina jambo moja tu. Nilianza kulisema Jumatatu ukiwa unapiga pasi, nikaishia kukugombeza kuhusu kola ya shati. Mdomo wangu unaujua. Nikilisema kwa mdomo nitaanza kujitetea kabla sijafika katikati, ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Yale mafaili yaliyopotea kwenye kompyuta ukiwa darasa la saba, pamoja na historia ya Mzee Kagoma, hukuyafuta wewe. Niliyafuta mimi, kwa kidole changu, na siku zote nilijua.

Nimeandika. Sasa nikueleze ilivyokuwa, na unisomee mpaka mwisho hata kama umeshakasirika.

Unajua kwamba nilikuwa mchapaji kwenye ofisi ya shamba la mkonge kule Kilosa. Tulikuwa watatu na mimi ndiye niliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Mwalimu wetu wa chapa alitufunika mikono kwa kitambaa tusitazame vidole, na alitukataza kusoma tunachochapa. "Mkisoma mtapunguza mwendo," alikuwa akisema. "Jicho lione, kidole kipige, basi." Nikawa hodari wa hilo kupita kiasi. Niliweza kuchapa kurasa nne za Kiingereza bila kosa, na ukiniuliza zinasema nini nikakujibu sijui, kamuulize meneja.

Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji, meneja aliniletea orodha moja ya haraka. Nikachapa, nikaiwekea kaboni mbili kama desturi, nikamfikishia mezani, nikarudi kwenye chai yangu. Mwenzangu Mwanaidi alichukua nakala aiweke kwenye jalada, akasimama nayo tu. "Wee Salome," akasema, "umejiona?" Nijione wapi? Akanionyesha. Ilikuwa orodha ya wanaopunguzwa kazi, na jina langu lilikuwa la saba kutoka juu. Nililichapa mwenyewe, kwa herufi kubwa, safi, bila hata kosa moja.

Hadithi hiyo nimekusimulia mara nyingi tukacheka, na huwa nacheka kweli. Kitu ambacho sikukuambia ni kwamba sikujifunza chochote. Nilitoka pale nikiamini nilionewa. Kuonewa nilionewa, ila pia nilikuwa mtu anayeweza kupitisha habari ya maisha yake mwenyewe mikononi asiione.

Ndipo nikaja huku barabarani kufungua steshenari. Mashine nilianza na ya taipu, kisha baba yako akaniletea hii kompyuta kutoka Dar, imefungwa blanketi nyuma ya kiti cha lori. Ilikuwa imetoka kwenye ofisi fulani iliyofungwa, bado ina kibandiko cha namba ubavuni. Unakumbuka ulivyokuwa ukikichokonoa kwa kucha? Watu walikuja kuitazama tu. Mimi niliitazama siku ya kwanza nikaona jambo moja lililonifurahisha kuliko yote: sihitaji tena kaboni. Mashine inakumbuka yenyewe. Miaka yote ile ya kuchafuka vidole, nikaitupa kaboni siku hiyo hiyo.

Nikatengeneza folda nikaiita MISIBA. Kila historia fupi ya marehemu niliyochapa niliihifadhi humo. Unajua watu wetu walivyo. Msiba ukitokea wanakuja wanakimbia, historia isomwe saa nane kaburini, na saa sita bado wanabishana marehemu aliacha wajukuu wangapi. Lakini baadaye wanarudi taratibu. Mmoja anataka nakala kwa ajili ya arobaini, mwingine kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka, mwingine kuna kesi ya shamba. Nilikuwa nafungua folda, nachapisha, wananiita mama mwenye kumbukumbu. Nilipenda kuitwa hivyo.

Mzee Kagoma alikuja mapema siku moja, akitokea Kidete. Mwanawe Yohana alikuwa ameanza kazi kwenye gesti ile ya jirani, ndiyo maana mzee alikuja huku. Akakaa kwenye benchi, kofia magotini, akatoa kurasa za daftari alizoandikiwa na mwinjilisti wao.

"Historia ya marehemu nani, mzee?" nikamuuliza.

"Yangu."

"Aka! Mzee wangu, si uko hai?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nikishakufa nani ataijua? Mke wangu ni wa pale pale Kidete. Watoto wamezaliwa pale. Wanajua nilitoka Kigoma nikafanya kazi kwenye genge la reli, basi. Kilima chetu hawakijui, mto wetu hawaujui, mama yangu aliitwa nani hawajui. Chapa vizuri, mama. Hiki ndicho watakachobaki nacho."

Nikachapa. Debora, hapa ndipo panaponiuma. Nilichapa kama nilivyofundishwa, jicho lione, kidole kipige. Mama yake alitajwa humo, na ndugu zake, na kilima, na kijiji, na jinsi ya kufika ukishuka kwenye treni. Vyote vilipita kwenye vidole hivi. Nakumbuka nilimwekea nafasi mbili kati ya mistari ili isomeke vizuri. Jina la mama yake silikumbuki. Zile kurasa za daftari alizoniachia zikaishia kwa mama wa vitumbua, akafungia wateja.

Mwaka uliofuata Mzee Kagoma akafariki, historia yake ikasomwa Kidete, na karatasi ikawekwa kwenye sanduku la mkewe, Bibi Agnesi.

Sasa ile Jumamosi ya kufutika mafaili. Asubuhi ulikuwa umecheza karata kwenye kompyuta kwa ruhusa yangu, ikaganda ukaniita. Haikuwa mara ya kwanza kuganda, ilikuwa ikiganda hata nikiitazama vibaya. Virusi viliingia na disketi za wateja, jambo la kawaida kabisa. Nikakuambia kachote maji nitashughulika nayo. Benchi lilikuwa limejaa watu wa msiba wanasubiri ratiba ya mazishi, na mmoja wao alikuwa anapiga ulimi kwa kukosa subira kila baada ya dakika. Fundi wa Morogoro hakupatikana. Nilikuwa nimemwona akipiga windo mara mbili, na sidii yake moja ya windo alikuwa ameisahau kwangu. Nikajiambia, Salome, hiki ni kitu cha kukushinda?

Kioo kikawa cha bluu, maandishi meupe, Kiingereza tupu. Kila ukurasa ulikuwa na herufi ya kubonyeza. Jicho langu lilifanya kazi yake ya zamani, likaona herufi, kidole kikapiga. Palikuwa na ukurasa ulioniuliza kama nafuta kila kilichomo. Nikabonyeza. Ukaja mwingine ukauliza tena, kwamba nina hakika, maana hakitarudi. Nikabonyeza tena, haraka zaidi, kwa sababu yule wa ulimi alikuwa amesimama. Mashine iliniuliza mara mbili kistaarabu, nami nikaijibu mara mbili bila kuisikiliza.

Fundi, kabla ya kugusa chochote, huwa anauliza, "Mama, una nakala?" Mara zote mbili aliniuliza hivyo akayaweka mafaili pembeni kwanza. Nilijifunza vidole vyake, swali lake nikaliacha.

Mashine ilipowaka ilikuwa mpya, nyepesi, picha nzuri ya majani mabichi. Nikafurahi kabisa! Nikachapa ratiba, watu wakaondoka. Ndipo nikatafuta folda. Nilitafuta kila mahali, haimo. Ukaingia na ndoo kichwani, ukauliza, "Mama, imepona?" Nami nikakugeukia nikasema, "Ulikuwa unafanya nini kwenye mashine asubuhi?"

Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba siku ile sikusema uongo, niliuliza swali tu. Lakini niliona uso wako. Niliona ulivyoanza kuhesabu moyoni ni kitufe gani ulibonyeza, na nikakuacha uendelee kuhesabu. Ningeweza kusema neno moja ukacheka ukatua ndoo. Nikageuka nikaanza kufuta meza.

Uongo wenyewe ulikuja masika, mto Mkondoa ulipofurika ukaingia nyumba za Kidete. Bibi Agnesi alipoteza sanduku. Akaja hapa na Yohana, matope bado yako kwenye pindo la khanga. Yohana alikuwa amepata likizo na alitaka kwenda Kigoma kuwatafuta ndugu za baba yake. "Tunaomba tu ile karatasi ya mzee," Bibi Agnesi akasema. "Si unaihifadhi kwenye mashine?" Ulikuwa umesimama kando ya fotokopi na sare ya shule.

Nikasema, "Nisamehe mama, mtoto huyu aliichezea mashine akafuta kila kitu."

Nimeiandika sentensi hiyo kama ilivyotoka, nisiipunguze. Niliogopa. Nilikuwa mama mwenye kumbukumbu, na kule nje watu wangesema mashine ilimshinda, arudi kwenye taipu. Ukimsingizia mtoto watu wanasema watoto ndivyo walivyo, yanakwisha. Nilidhani yatakwisha. Kisha wewe, bila kuambiwa na mtu, ukapiga magoti kwenye sakafu, ukasema, "Nisamehe bibi, sikujua." Bibi Agnesi akakuwekea mkono kichwani. Yohana akatazama barabarani. Na mimi nikasimama pale, mtu mzima, nikakuacha magotini.

Yohana hakwenda Kigoma. Aende wapi? Mkoa mzima ule, aanze kuuliza kila kilima? Yuko hapo gestini mpaka leo, na kila asubuhi ananiamkia kwa heshima.

Nililijua pengo lile kuliko mtu yeyote, ndilo linalonitia haya zaidi. Babu yako, baba yangu, aliletwa kukata mkonge akiwa kijana. Nikimuuliza kwao wapi, alikuwa akisema, "Mbali, mwanangu," anageukia kazi yake. Siku tuliyomzika, historia yake ilisema marehemu alizaliwa Songea. Songea! Kama kusema alizaliwa duniani. Mwenye nafasi ya kumwokoa Bibi Agnesi na hilo nilikuwa mimi.

Na wewe nilikuona ukibadilika. Vidole vyako vilikuwa vinaruka haraka kwenye kibodi kuliko vyangu, ukaacha kuigusa mashine. Nilikuita uje nikufundishe kitu, ukasema una kazi ya shule. Bibi Agnesi alipokuja kumsalimia mwanawe ulikuwa ukipita uani. Kisha ukanunua kaunta buku ukaanza kunakili kwa mkono kila historia ya marehemu niliyochapa, jioni baada ya shule, na mwandiko wako ule mdogo. Wateja walikusifu, nami nilipokea sifa hizo nikasema ndiyo, mtoto wangu ana moyo. Buku tano ziko kwenye rafu hapa mbele yangu. Kila nikizitazama najua zimeandikwa na mtu anayedhani ameua kitu.

Ningekaa kimya mpaka leo, Debora. Sitakudanganya kwamba dhamiri iliniamsha. Kilichoniamsha ni Tabora. Ulipata nafasi Morogoro, hapa pua na mdomo, ukaikataa, ukachagua kwenda kusomea utunzaji wa nyaraka huko mbali. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Nimependa tu." Mwezi uliopita natafuta cheti chako cha kuzaliwa nikafungua buku ya tano nikakuta ukurasa wa mwisho umeandika KAGOMA, chini yake majina ya vituo vyote vya reli kutoka Tabora mpaka Kigoma, na chini kabisa, "Likizo ya kwanza, nianzie hapa."

Nilikaa kitandani kwako. Nilijisikia vibaya kuliko siku ile ya orodha, kuliko siku ya msiba wa babu yako. Mtoto wangu anachagua chuo, anachagua kazi, anapanga kushuka peke yake kwenye vituo asivyovijua akaulize majina kwa watu asiowajua, yote kwa ajili ya kosa langu. Nikajua ukipanda treni hiyo bila kujua ukweli, nitakuwa nimekusukumia maisha mengine kabisa, nawe utadhani umeyachagua.

Basi siku ile niliposema nakwenda Kilosa kununua karatasi, nilikwenda Kidete. Bibi Agnesi bado anauza ndizi za kuchemsha kituoni treni zikipita. Nilimkuta nyumbani anamenya. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote. Hakuacha kumenya.

"Na mtoto anajua?" akauliza.

"Bado, mama."

"Sasa mimi unaniambia ya nini?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Siku ile dukani kwako, aliyepiga magoti nani?"

"Mwanangu," nikasema.

"Nenda kaanze na yule," akasema. "Ukimaliza naye ndipo uje. Mimi sihami, niko hapa hapa."

Nikainuka kuondoka, nimeaibika mpaka miguuni. Akaniita mlangoni. Akaniuliza unasafiri lini na kwenda wapi. Nilipomwambia Tabora akaguna. "Treni itapita hapa. Mwambie atoe kichwa dirishani, nitamtafuta na ndizi." Akainamia sufuria yake tena.

Ngoja nitazame mashine. Dakika thelathini na saba! Tunakwenda.

Leo sikuwa na haraka ya mtu. Mashine ilianza kuganda tena juzi, nikajiambia, hii ni yangu. Jana nilinakili kila kitu kwenye sidii, nikazitoa, nikazipeleka kwenye kompyuta ya shule ya jirani nikazifungua moja moja nione kama kweli zimo. Mwalimu alidhani nimechanganyikiwa. Leo nikaweka kamusi ya Kiingereza kando ya kibodi na kila ukurasa wa bluu ulipotokea nikausoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofika kwenye ule ukurasa unaouliza mara ya pili kama nina hakika, nilisimama kabisa. Nilikwenda nje, nikatazama malori, nikarudi. Swali lilikuwa bado lipo. Debora, lile swali lina mistari michache tu! Mtoto wa shule angeielewa. Siku ile ningetumia muda wa kumeza mate, nikaelewa, na tusingekuwa hapa.

Sikuandikii ili nikufundishe kusoma kabla ya kubonyeza. Hilo unalijua wewe kuliko mimi, umelijua tangu una miaka kumi na mitatu, na kwa njia mbaya. Nikikutakia kitu, nakutakia kinyume kidogo: ubonyeze vitu. Uharibu vyako, vya kwako kweli, useme nimeharibu, uendelee. Nimekaa miaka saba na kosa lililofichwa na nakuambia lile la kufuta lilikuwa dogo. Watu wangenisema wiki mbili, wangenicheka, fundi angenicheka, Bibi Agnesi angelia, kisha pengine tungekaa wote watatu na Yohana, ikiwa haijapita muda mrefu tangu mzee afariki, tukaokota tunachokikumbuka. Mwinjilisti aliyeandika zile kurasa za daftari alikuwa bado hai! Sikumfikiria hata siku moja, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kulinda jina langu. Alifariki miaka miwili baadaye. Historia yake niliichapa mimi, na wakati huo nilishaanza kusoma ninachochapa.

Sasa mambo mawili, kisha nikuache.

La kwanza, chuo. Kama unapenda nyaraka, nenda kasome nyaraka, nami nitajisifu kwa kila mteja mpaka wahame. Kama moyoni ulitaka kitu kingine na ukakiacha kwa sababu ya yule bibi, niambie. Hata ukiniambia kesho kwenye kituo cha Kilosa, begi liko begani, tutageuka turudi. Baba yako nitamkabili mimi. Najua ulikuwa unachora nyumba nyuma ya madaftari, ukaacha. Sijakuuliza kwa nini.

La pili, Kigoma. Safari hiyo ni yangu. Ile orodha yako ya vituo nimeinakili, kwa kaboni, cheka tena. Likizo ya kwanza usije nyumbani. Nisubiri Tabora. Nitapanda treni hiyo hiyo na Yohana, nimekwisha kumwambia ukweli jana, na usiniulize alivyonitazama. Amesema atakuja. Ukitaka kwenda nasi, panda. Ukitaka kubaki ulale, lala, hakuna atakayekulaumu. Tutamtafuta mama yake Mzee Kagoma, mimi niliyempoteza na Yohana mwenye haki naye. Huenda tusimpate. Nitauliza hata hivyo, kilima kwa kilima, na nitamwambia kila nitakayemuuliza ni nani aliyelifuta jina lake.

Barua hii nilitaka kuitia kwenye begi lako, chini ya mashuka, uikute ukiwa umeshafika. Ungekuwa woga ule ule. Kwa hiyo nitakupa kesho baada ya uji, na nitakaa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kunifokea nifokee. Ukitaka kunyamaza tutasafiri kimya mpaka Kilosa, nitakubebea begi. Nakuomba msamaha, mwanangu. Nilikufanya mkosaji nyumbani kwako mwenyewe, mbele ya watu, nikala na wewe chakula kila siku nikiwa najua. Nisamehe ukiweza, na usipoweza kesho, mimi pia sihami.

Treni, ikichelewa kama desturi yake, itafika Kidete kunapambazuka. Kaa upande wa stesheni, fungua dirisha, toa kichwa. Utamwona na beseni lake. Najua utataka kujificha kama ulivyokuwa ukipita uani, usijifiche. Mwamkie, pokea ndizi, mwambie unakwenda kusoma.

Ila usimwombe msamaha, Debora. Huo niachie mimi, ninaufuata kwa miguu yangu.

Mama yako,
Salome